Mla Usiku na Swali Asiloulizwa

Lugha yetu imekipa chakula cha usiku wa manane jina moja tu la heshima, nalo ni daku. Mengine yote ni matusi. Anayeamka saa nane za usiku katika mwezi wa Ramadhani akapakua wali au uji, huyo anafuata suna na anatarajia baraka. Lakini anayeamka saa hiyo hiyo katika Rajabu au Mfunguo Nne akaingia jikoni kwa kunyatia, huyo ni mlafi, ni mroho, ana mdudu tumboni, ama amechezewa na wabaya wake. Ni nadra kumsikia mtu akisema: huyu huenda ni mgonjwa, na apelekwe kwa daktari.

Makala yetu ya leo, ndugu msomaji, ni ya watu hao. Maneno yao nimeyakusanya mbali na kwetu, huko Adungosi, soko dogo katika nchi ya Wateso, kwenye barabara ya yapata kilomita 30 inayounganisha Busia na Malaba, miji miwili iliyo mpakani mwa Kenya na Uganda. Msomaji wa Mombasa au wa Lamu ataniuliza: Adungosi na sisi, wapi na wapi? Jibu ni malori. Shehena inayoshushwa Kilindini kwenda Kampala, Kigali na Kongo hupita katika mipaka hiyo miwili, na katika wanaoiendesha hawakosekani watu wetu wa Kisauni, Likoni, Changamwe na Mariakani. Foleni ikikaza, kama ilivyokaza mwaka wa 2020 madereva walipokuwa wakingoja majibu ya kipimo cha Korona na malori yakapangana kwa makumi ya kilomita, dereva hulala ndani ya gari lake siku kadha wa kadha. Hapo siri zake za usiku hukosa ukuta wa kuzificha.

MARA TATU KWA SIKU

Dereva niliyezungumza naye ni mtu wa Kisauni, miaka hamsini na ushei. Jina lake nalihifadhi. Ana ugonjwa wa sukari, na huu ni mwaka wake wa tisa. Tuliketi katika kibanda cha chai asubuhi, mimi nikala chapati, yeye akanywa chai kavu peke yake. Si kwa kuogopa sukari tu, aliniambia, bali asubuhi hawezi kutia kitu kinywani mpaka jua lifike utosini. Tumbo lake hufunguka usiku.

“Nalala saa nne,” alisema, “saa saba niko macho. Usingizi haurudi mpaka nile. Si kwamba nina njaa ya kufa, la. Ni kama mtu ananiambia, wewe hulali mpaka utie kitu. Basi nala mkate, nala mahamri ya jana, nanywa soda. Nikisha nalala. Saa tisa niko macho tena.”

Mambo haya yalimwanza kabla ya sukari yenyewe, katika mwaka aliofiwa na mamake. Mkewe alidhani ni uroho, akawa anafungia chakula kabatini. Watoto wakawa wanacheka. Yeye akaona aheri safari kuliko nyumba, kwani ndani ya lori hapana wa kumhesabia mikate.

Kliniki alihudhuria, tena kwa mpango. Kila mara alipimwa damu asubuhi, na kila mara sukari ilikuwa juu. Akiulizwa, “Unakula mara ngapi kwa siku?” hujibu, “Mara tatu.” Wala hakusema uwongo. Aliulizwa siku, akajibu siku. Baina ya siku na usiku pana herufi moja tu, na ndani ya herufi hiyo maradhi yake yakapata pa kujificha miaka tisa. Daktari naye, kwa kuona damu haiteremki, alimwongeza dawa mara ya kwanza, akamwongeza ya pili, hata akamshuku kuwa hamezi vidonge vyake. “Nilikuwa nikimeza,” aliniambia, “tena kwa saa. Nilisutwa kwa kosa ambalo sikulitenda, na lile nililolitenda sikuulizwa.”

Kisha ukaja usiku aliotaka kufa. Gari lake lilikuwa katika foleni hapo hapo Adungosi. Mchana wake alikuwa amezungumza na mkewe kwa simu, wakagombana juu ya jambo lile lile, naye akaapa kuwa usiku huo hatakula, liwalo na liwe. Akameza dawa zake, akajifunika shuka. Saa tisa utingo wake alisikia mtu anakoroma vibaya. Akamwasha taa, akamkuta amelowa jasho chapachapa, mikono inatetemeka, ulimi mzito, haelewi aulizwalo. Kijana yule, Mungu amjaalie, alikuwa ameona hali kama hiyo kwa shangazi yake. Alimwinua akamkalisha, na alipoona kuwa anaweza kumeza akamnywesha soda yenye sukari kidogo kidogo, mpaka macho yakarudi.

Sababu yake, msomaji, haina uchawi. Dawa ile ilipimwa kwa mwili unaokula mkate na soda kila usiku, ingawa aliyeipima hakujua. Usiku mwili ulipokosa chakula, dawa iliendelea na kazi yake ya kuteremsha sukari, ikaiteremsha mpaka mahali pa hatari. Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 katika kile kipimo cha kidoleni ni wakati wa kula sukari mara moja. Ikizidi kushuka, akili hupotea, na huenda mtu asiamke.

Asubuhi alipelekwa kwenye zahanati moja ya kando ya barabara. Mle alimkuta afisa wa kliniki, binti wa umri wa mwanawe, ambaye baada ya kumpima alimwuliza neno moja: “Na usiku, mzee, wala nini?”

“Nilitaka kulia,” dereva aliniambia. “Miaka tisa, ndiyo kwanza mtu aniulize.”

MARADHI YENYE JINA

Pengine msomaji atadhani kuwa huu ni uzushi wa waganga wa kisasa. Hasha! Mwaka wa 1955 daktari wa Kimarekani, Albert Stunkard, na wenzake huko New York, waliandika habari za wagonjwa 25 waliokuwa wanene kupita kiasi, wakataja mambo matatu yaliyokuwa yakiandamana: mtu hana hamu ya chakula asubuhi, hula sana jioni na usiku, na usingizi humpaa. Wakaona pia kuwa hali hii huzidi mtu apatapo dhiki ya moyo. Mambo yote hayo dereva wetu aliyataja moja moja, naye hajapata kusikia jina la Stunkard.

Mwaka wa 1999 watafiti wa Norway na Marekani waliwalinganisha wala usiku na watu wengine. Waliona kuwa mla usiku huamka kwa wastani mara 3.6 kwa usiku mmoja, hali mwenzake huamka mara 0.3, na katika chakula cha siku nzima, asilimia 56 ya nguvu yake huiingiza usiku, hali mwenzake ni asilimia 15. Wakapima na damu. Ipo homoni iitwayo melatonini, ambayo huujulisha mwili kuwa usiku umeingia, na nyingine iitwayo leptini, ambayo huituliza njaa mtu akiwa amelala. Kwa watu hawa zote mbili hazikupanda usiku kama inavyostahili. Yaani saa ya tumbo imeachana na saa ya usingizi.

Mwaka wa 2010 wataalamu walitangaza alama za kuutambua ugonjwa huu: mtu kula angaa robo ya chakula chake baada ya chakula cha jioni, au kuamka usiku akala walau mara mbili kwa wiki, kwa muda wa miezi mitatu, naye anajua anachofanya na kinamsumbua. Mwaka wa 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kikautia katika kitabu chake cha maradhi. Tiba nayo imejaribiwa. Mwaka wa 2006 wagonjwa 34 waligawanywa mafungu mawili kwa wiki 8: waliopewa sertralini, dawa inayotumiwa kutibu huzuni iliyozidi, 12 kati ya 17 walipata nafuu, waliopewa kidonge kitupu, 3 kati ya 17. Yako pia mazungumzo ya tiba, yanayomfundisha mgonjwa kurudisha chakula mchana na kuivunja ile imani ya kwamba hawezi kulala bila kula.

Kwa hivyo jina lipo, alama zipo, na dawa ipo. Kilichokosekana Kisauni na Adungosi ni ile fursa ya maneno baina ya mgonjwa na mtabibu.

MAMA WA ADUNGOSI

Mgonjwa wa pili ni mama wa hapo hapo, Mteso, mchuuzi wa nguo anayevuka mpaka kwa biashara yake. Kisa chake kina uchungu zaidi, kwani yeye hakuwa na lori la kujifichia. Katika boma nyingi za huko, jiko ni nyumba ya pekee, mbali na chumba cha kulala. Kwenda jikoni usiku ni kufungua mlango na kutoka nje gizani. Na katika nchi zile za magharibi, mtu anayeonekana nje usiku wa manane bila sababu hushukiwa kuwa ni mkimbiaji wa usiku, miongoni mwa wale wanaosemwa kuwa huzunguka majumbani mwa watu wakiwatisha waliolala.

“Mavyaa wangu aliniona mara mbili,” alinieleza. “Hakuniuliza kitu. Alikwenda akawaambia wenzake.”

Alipotafuta msaada, alianzia maombini, kwani alikuwa pia akiota anakula, na watu walimwambia kuwa anayelishwa ndotoni analishwa na wachawi. Imani hiyo, msomaji, isitushangaze, kwani hata mitaani kwetu ipo, na wako wanaoitolea fedha. Aliombewa, akafunga chakula siku tatu, na usiku wa nne akala ugali baridi wa watu wanne. Akaona basi, huyu shetani ni mimi mwenyewe.

Hospitalini, ambako sikutajii jina lake, alipata ujasiri akalisema tatizo lake dirishani, mbele ya foleni ya watu. Mhudumu akacheka, akasema, “Mama, wengine hawana cha kula wewe unaamka kula?” Akarudi nyumbani. Ilimchukua karibu mwaka kurudi tena. Safari ya pili alikutana na mshauri nasaha, akafungiwa mlango, akaulizwa analalaje, na lini yalianza. Yalianza baada ya kuzika mtoto. Hapo ndipo ilipobainika kuwa chini ya ugali ule kulikuwa na jitimai kubwa isiyopata kuliliwa. Alianzishwa dawa na mazungumzo. Nilipokutana naye alikuwa bado huamka, lakini usiku mmoja mmoja, na zipo nyusiku anazolala mpaka alfajiri.

“Dawa inasaidia,” alisema. “Lakini kilichoanza kunisaidia ni ule mlango kufungwa.”

Maneno haya yana uzito kuliko anavyodhani. Nchini Kenya kikosi kazi cha serikali kiliripoti mwaka wa 2020 kikapendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Huko magharibi, mpango wa AMPATH, ulioanza mwaka wa 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana kwa ajili ya Ukimwi, ulipanuka ukaingia katika sukari na shinikizo la damu, na Busia ni miongoni mwa maeneo yake. Shirika la North Star Alliance, lililoundwa 2006, lilitia zahanati ndani ya makontena kando ya barabara kuu za Afrika, zikawa zafunguliwa jioni ili dereva azikute. Basi juhudi zipo. Lakini kipimo cha sukari hakitambui huzuni, na kontena la jioni halitambui jambo la saa nane usiku, mpaka mtu aulize na mtu ajibu.

SI WOTE WANA UGONJWA MMOJA

Hapa nataka msomaji awe makini, kwani kuna hatari ya kulitoa kosa moja na kulitia jingine. Si kila aamkaye kula ana ugonjwa wa Stunkard. Mwenye kutumia insulini au baadhi ya vidonge vya sukari huenda anaamshwa na sukari iliyoshuka: anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, ana njaa kali. Huyo chakula ndicho kilichomwokoa, na akizuiwa kwa jina la ulafi, anauawa. Mwingine ana vidonda katika utumbo wa mwanzo, vinavyomchoma usiku na kutulia akila. Huyo anahitaji dawa ya vidonda.

Tena wako walao hali wamelala. Madaktari Carlos Schenck na Mark Mahowald wa Minnesota waliwaeleza mwaka wa 1991: mtu huenda jikoni usingizini, hula hata kisichopikwa, na asubuhi hakumbuki kitu ila huona makombo kitandani. Aina fulani za dawa za usingizi, hasa zolpidemu, zinajulikana kuleta jambo hili, na mwaka wa 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru zitiwe onyo kali kwa sababu ya vitendo vya hatari ambavyo watu huvifanya usingizini. Kwa dereva anayenunua vidonge vya usingizi dukani bila ya cheti, hili ni jambo la kulijua kabla hajashika usukani.

Milango hii yote huingilia jikoni, lakini kila mmoja una ufunguo wake. Ndiyo maana haifai jirani kuhukumu, wala daktari kukisia.

NA RAMADHANI JE?

Nilimwuliza dereva wetu juu ya mwezi mtukufu. Akatabasamu kwa mara ya kwanza. “Mwezi huo mimi ni mtu kama watu,” alisema. “Nikila usiku, nyumba nzima yala. Mke wangu mwenyewe huniamsha.”

Ni faraja ya kweli, nami sikutaka kumnyang'anya. Lakini ina miba. Mgonjwa wa sukari anayefunga huwa na hatari mbili: mchana sukari kushuka, na usiku kupanda kwa futari na daku. Katika uchunguzi mkubwa wa mwaka wa 2001 uliofanywa katika nchi 13, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 12,000, wapatao asilimia 79 ya wenye sukari ya ukubwani walifunga siku 15 au zaidi. Na kushuka kwa sukari kwa kiasi cha kulazwa hospitali kuliongezeka mara 7.5 kwao katika mwezi huo. Sote tuliosoma chuoni twajua kuwa Sura ya al-Baqara imewapa ruhusa mgonjwa na msafiri wafungue, walipe siku nyingine, na asiyeweza kulipa imempa fidia. Dereva wetu ni yote mawili, mgonjwa na msafiri. Asione haya kuichukua ruhusa aliyopewa na Mola wake. Na akitaka kufunga, amwone daktari mapema, mnamo Shaabani au kabla yake, ili dawa zipangwe upya.

Tulifundishwa pia kuwa usiku umejaaliwa kuwa stara na mapumziko. Stara ni neema. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na stara ya usiku haikuwekwa ili mtu afe chini yake.

LA KUFANYA

Alhasili, nini afanye mwenye haja hii? Kwa siku saba aweke karatasi na kalamu kando ya mto, aandike saa aliyoamka, alichokula, dawa aliyomeza, na moyo wake ulikuwaje. Mwenye sukari apime na damu saa hiyo hiyo, kama ana kipimo. Asiache dawa wala asizipunguze kwa rai yake, na asiape viapo vya kutokula kama alivyoapa dereva wetu. Ajitahidi kidogo kidogo kula kitu asubuhi. Karatasi ile aipeleke kwa daktari, na akiona haya kuisoma, na ampe mkononi. Dereva alifanya hivyo hivyo. Dawa yake ilipunguzwa ikapangwa kwa saa zake za kweli, na pale alipokuwa akila mara tatu kwa usiku sasa hula mara moja.

Walio nyumbani nao, mke, mume, mavyaa na watoto, waache kufuli na vicheko. Wamwulize mtu wao kwa upole lini yalianza, na wakae wasikie. Na ninyi waganga wetu, tunaowaheshimu kwa kazi yenu ngumu na foleni zenu ndefu, swali moja haliwagharimu dakika.

Nawe, ndugu msomaji uliyeisoma makala hii ukajiona ndani yake, siku utakayoketi mbele ya daktari akakuuliza unakula mara ngapi kwa siku, usingoje akuulize la pili. Hesabu na usiku.